Fundi anajibu: nje barafu, ndani ya boneti tanuri

Toleo lililopita mdomo uliniponyoka nikasema nina sledi gereji kwangu hapa Logan, Utah, basi imekuwa nongwa, barua zote za mwezi huu ni za sledi, hata wale wa giaboksi ya Noah wamenyamaza. Haya twende nazo. Kwa wasioijua, sledi ndo pikipiki ya theluji: mbele ina ski mbili za kukatia kona, nyuma kuna treki, ule mpira mpana wenye meno unaozunguka kama wa buldoza. Za milimani treki yake ni ndefu, inchi 155, 165, hadi 175, na meno yanafika inchi 3, ili ielee juu ya theluji laini isizame.

Fundi shikamoo. Niko Morogoro, kijana tu napenda mashine, huwa naangalia video za hizo pikipiki za theluji huko Marekani. Juzi nimeona jamaa anatoboa boneti mpya kabisa na drili eti injini inapata joto. Sasa mi sijaelewa, kama nje ni chini ya sifuri, joto linatoka wapi? Si baridi yote hiyo inatosha? — Kijana wa Morogoro

Marahaba. Usione aibu, hata watu wanaolala na theluji mlangoni wanaliuliza hilo.

Kwanza boneti ya sledi sio kama ya gari. Gari lina grili mbele, upepo unaingia, unapiga rejeta, unatokea chini. Sledi ya milimani ukiiwekea grili ya hivyo dakika tano tu ndani kumejaa theluji mpaka juu. Kwahiyo kiwandani wanaifunga karibu kila mahali wanaacha vitundu vidogo vyenye wavu. Na maji ya kupoza injini hayapozwi na upepo, yanapitishwa kwenye vibati vya alumini vilivyofichwa chini ya kiti, juu ya treki, treki ikizunguka inavirushia theluji na maji yanapoa. Hiyo sehemu inafanya kazi vizuri sana ila inapoza maji tu. Ile hewa iliyofungiwa ndani ya boneti haina mwenyewe.

Na humo ndani kuna nini? Kuna ekzosi, lile bomba lililotuna tumboni la injini za tu-stroki, za kuchanganya petroli na oili, moshi unaopita humo unazidi nyuzi 500. Pembeni yake sailensa. Alafu kuna klachi mbili zimeunganishwa na mkanda mmoja wa mpira, mfumo uleule wa skuta zisizo na gia, sahani za chuma zikiubana mkanda unapanda, zikiachia unashuka, ndo gia yenyewe hiyo. Ule msuguano unakula nguvu. Piga hesabu mwenyewe: injini ya farasi 165, tuseme mkanda unapoteza asilimia 10 tu, hiyo ni farasi 16 na nusu, kama kilowati 12, yaani umechukua pasi 12 za umeme za wati 1,000 ukaziwasha zote ndani ya kisanduku cha plastiki ukafunga na mlango. Nje hata kuwe nyuzi 20 chini ya sifuri, we uko mlimani unasukuma theluji ya kiunoni kwa mwendo wa baiskeli, gasi umeibana mpaka mwisho, injini iko mizunguko karibu 8,000 kwa dakika, na upepo wa kupita haupo. Pasi zako 12 zinaendelea kuwaka.

Na kule juu nguvu ni ya kudunduliza. Pale Togwotee Pass, Wyoming, ni kama mita 2,940 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 kila ukipanda mita 300, kwahiyo karibu asilimia 30 imeshaondoka kabla hujawasha. Hiyo iliyobaki ukiilisha hewa ya moto unajimaliza mwenyewe, maana hewa ikitoka nyuzi 0 kufika nyuzi 30 inapungua uzito kama asilimia 10 na oksijeni inapungua nayo. Turbo zimekuja kusaidia hapo, kampuni ya Ski-Doo ilitangulia kutoa ya kiwandani, wenzao Polaris wakafuata na modeli za 2022, ila turbo nayo ni jiko jingine umeliongeza humohumo. Ndo maana umemwona yule jamaa na drili. Kama alitoboa pa kutoboa ni habari nyingine, soma barua inayofuata.

Fundi, jambo yako. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa niko Boise, Idaho, mwaka ya saba. Nilinunua Polaris 850 yenye ilishatumika, treki ya 155, tunaenda nayo juu ya McCall na barafiki ya kazi. Mukanda imekatika mara mbili ndani ya mwezi moja, na ile ya pili ilikuwa mupya kabisa. Nikifungua paneli ya kando ya boneti, joto inanipiga kwa uso kama jiko. Rafiki moja anasema ninunue venti sita, ile matundu ya wavu ya kutoa joto, nitoboe paneli zote mbili, na ni feza mingi. Nitoboe wapi? Ao ni kupoteza feza bure? — Wa Bukavu, Boise

Jambo sana kaka. Drili iache kwanza kwenye boksi lake.

Mkanda mpya kukatika ndani ya wiki chache, mi simlaumu joto moja kwa moja, namuuliza joto katumwa na nani. Venti inatoa hewa ya moto nje, basi, haiwezi kuzuia mkanda kuteleza. Kama klachi zako zimepinda mkanda utaendelea kupika hata paneli zote uzitupe, na hapo utakuwa umelipia venti sita na bado unanunua mikanda.

Nunua ile thamomita ya bunduki, ya kuelekeza tu ikasoma, bei yake haifiki hata robo ya mkanda mmoja. Nenda mlimani, panda kwa nguvu dakika tano kumi, simama, zima, fungua paneli ya kushoto harakaharaka upime sahani za klachi ya mbele alafu ya nyuma. Wazoefu wengi huku wanataka isizidi nyuzi 80 hivi za selsiasi, ikifika 100 na kitu unaanza kuomba. Na usiangalie namba peke yake, angalia tofauti. Moja ikiwa ya moto kwa mbali kuliko mwenzake, mkanda unateleza palepale. Ukikuta zote mbili ziko sawa na ziko juu, ndo tuanze kuongea habari za hewa.

Ukishapima angalia mkanda umekaaje. Ukiwa umezima uone umekaa juu kiasi gani kwenye klachi ya nyuma, kitabu cha sledi yako kinasema uwe wapi, ukizama chini sana au ukitokeza sana juu ni wa kurekebisha. Pangusa sahani na kidole, ukitoka mweusi tii ni vumbi la mkanda na linafanya kama pauda ya mtoto, mkanda unateleza juu yake. Mi nasugua na ile skrabu ya kijani ya kuoshea masufuria na spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mkanda mpya nao unauosha na maji ya vuguvugu na sabuni, unaukausha, na km 50 za mwanzo unaenda mdogomdogo. Je huo wako wa pili uliufanyia hivyo au uliuvua kwenye karatasi ukapanda nao mlima? Na namba yake iwe ile ya sledi yako hasa, sio unaofanana, tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kukuumiza.

Lingine ni la kwako mwenyewe unavyoendesha, usikasirike. Sledi ikikwama kwenye shimo, treki imegoma kuzunguka, watu wengi wanabana gasi wakidhani itajitoa. Klachi ya mbele inazunguka, mkanda umesimama, sekunde tatu tu umekula kibonde sehemu moja. Ile mikanda yako miwili kama hujaitupa iangalie, ukikuta sehemu imekuwa nyembamba kiunoni kama nyigu jibu unalo. Chimba na koleo, kanyagia theluji mbele ya ski, alafu ndo utoke.

Geukia upande wa kulia kwenye ekzosi. Kuna springi zinazobana viungo, zikikatika moshi wa moto unavujia ndani ya boneti na hapo ndo unapata joto la kupigwa usoni kama unavyosema. Tafuta alama nyeusi kwenye viungo na ushike springi moja moja. Sledi iliyotumika, nakuambia, nusu ya wanaoniletea wanalalamika joto nakuta springi moja haipo na mwenye nayo hajui ilianguka lini.

Ukishamaliza yote hayo na bado klachi zote ziko juu, sawa, tutoboe. Hapa niwape stori yangu maana ada yake nilishalipa.

Mwaka wa kwanza na sledi nilijiona fundi, mtu nimekulia gereji za Gerezani, kibati cha plastiki kitanishinda nini. Nikakata tundu kubwa paneli ya kushoto, chini kabisa, usawa wa klachi, nikawaza hewa ya baridi iingie impige mhusika moja kwa moja. Wavu nikachukua ule wa dirishani wa kuzuia mbu. Gereji ilipendeza mno. Tukaenda Franklin Basin, juu ya Logan Canyon, theluji ilikuwa mpya ya usiku ule, nikaanza kukata mlima kwa ubavu nimeilalia upande wa kushoto. Sasa anayeendesha milimani anajua, ukiilaza sledi ubavu, ile paneli ya upande wa mlima ndo inalima theluji kama jembe. Tundu langu likachota. Wavu wa mbu ukabonyea ndani, theluji ikaingia kwenye klachi ya moto, ikayeyuka, mkanda ukalowa chapachapa, injini inalia 8,000 na sledi imesimama kama imefungwa kamba. Nikaanza kuteleza kurudi nyuma kwenye miti. Mti mmoja wa msonobari ndo ulinidaka, ski ya kulia ikapinda. Nikavua mkanda nikaukausha na fulana ya ndani, nyuzi 15 chini ya sifuri nimesimama kifua wazi namfuta mpira, jamaa zangu wanapiga picha badala ya kusaidia.

Kwahiyo kaka tundu la chini kushoto liwe dogo na liwe mbele, au usiliweke kabisa. Hewa ya moto inapanda yenyewe, wewe kazi yako ni kuifungulia mlango juu: sehemu ya juu ya paneli zote mbili, nyuma karibu na miguu yako, na juu ya boneti pale nyuma ya taa. Kulia usawa wa juu wa sailensa weka kubwa kuliko zote. Hewa ikishapata pa kutokea, ya baridi itaingia kupitia matundu ya kiwandani, yapo tayari. Wanaotoboa za kuingilia tu bila za kutokea wanajaza hewa kwenye chupa iliyozibwa. Ya sita sijui rafiki yako anataka kuiweka wapi, mi nne zingenitosha nikapima upya.

Kukata kwenyewe: vua paneli, ifanyie kazi ndani kwenye joto la chumba maana plastiki ya baridi inapasuka kama sahani. Bandika tepu ya karatasi nje uchore juu yake. Kabla hujakata geuza uangalie mgongoni, kuna mbavu za kuimarisha na komeo za kufungia, ukikata mbavu paneli itacheza mpaka ichanike, na ingiza mkono uhakikishe wavu hautagusa bomba. Toboa kona zote nne kwanza na drili ili ziwe duara, kona kali ndo inapoanzia ufa, alafu unganisha na kisumeno kidogo. Piga kingo msasa. Hizi plastiki hazipendani na gundi, futa na spiriti mara mbili, na hata venti ikiwa ya kubandika mi naongeza ribiti nne. Iache mpaka kesho yake ndo uitoe kwenye baridi.

Ukimaliza rudi mlima uleule, hali ya hewa inayofanana, pima tena na bunduki yako. Ukiona imeshuka nyuzi 10 au 15 umefanya kazi nzuri. Ikiwa imebaki palepale usiniambie tuongeze venti, rudi kwenye klachi. Na kitu kimoja siku zote, usiendeshe paneli ikiwa wazi au kinga ya mkanda imetolewa hata kama joto linakuudhi, mkanda unaokatika kwa kasi ile unatoka kama fimbo na mguu wako uko hapohapo kushoto. Fungua paneli ukiwa umesimama umezima, mkinywa chai. Hiyo ni venti kubwa kuliko zote na haina bei.

Sasa fundi. Niko Calgary, wikendi na maboyz wa job tunaenda mlima side ya Revelstoke. Nimeeka venti nane kwa Summit yangu, ile sledi ya mlima ya Ski-Doo, na kwa njia ya kawaida iko poa sana. Lakini tukiingia theluji ya pauda inaanza kukohoa, inakosa nguvu alafu inazima kabisa. Tukitulia kama dakika tano inawaka kama hakuna kitu imetendeka. Ni pampu ya mafuta ama? — Mkenya wa Calgary

Poa sana ndugu yangu, pampu iache kwanza. Mashine inayozima kwenye pauda tu na kupona yenyewe baada ya dakika tano, mi nahisi imekabwa pumzi. Theluji imefunika wavu wa hewa ya injini, umezima, joto la ndani limepanda likaiyeyusha, njia ikafunguka, ikawaka. Safari ijayo ikizima usikae kusubiri, ruka chini uangalie nyavu hapohapo na uzifagie na glavu. Ikiwaka sekunde hiyo umemshika mwizi.

Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna tundu la injini kuvutia hewa ya kuchoma mafuta na kuna tundu la kutolea joto la boneti. La kwanza lina mdomo unaonyonya, kwahiyo chembe yoyote ya theluji iliyo jirani inavutwa na kuganda pale. La pili halinyonyi. Sasa ukiweka venti nane, pauda laini kama unga inaingia kwenye boneti, na kama baadhi yake ziko jirani na mdomo wa hewa ya injini basi umempelekea theluji mpaka mezani. Ziba nne kwa tepu ya alumini, zile za mbele na zilizo karibu na dashibodi, uendeshe siku moja. Alafu fungua moja moja mpaka kikohozi kirudi, ile iliyokileta ndo mbaya wako.

Na wavu ni wa aina gani? Kuna zile zinazokataa maji, Frogzskin na wenzao, hewa inapita ila tone la maji linabaki juu linateleza. Zinasaidia kweli, ila ukizipaka vumbi la mkanda na oili msimu mzima zinaacha kukataa. Zioshe na maji ya sabuni, taratibu, usizipige na ile mashine ya maji ya kuoshea magari. Na siku ambayo theluji ni ya maji maji, ya kushikamana, hakuna wavu utakaokuokoa, beba brashi ndogo mfukoni.

Hizo dakika tano za kusubiri nazo, msisubirie chini ya mteremko jamani. Kule Revelstoke maporomoko ya theluji sio hadithi. Sledi ikifa mahali pabaya tembeeni kwa mguu mpaka pembeni, na kila mmoja awe na kile kifaa cha kutuma ishara kifuani, fimbo ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa na koleo, mgongoni kwake sio kwenye sledi.

Fundi habari za kazi. Mume wangu ana sledi, wanaenda Rabbit Ears Pass na wenzake kila wakipata nafasi. Kaona boneti inachemka akanunua ile bendeji ya kuzungushia ekzosi, kaizungusha yote kama mgonjwa wa kuvunjika mguu. Tangu hapo gereji inanuka plastiki ya kuungua na yeye anasema ni harufu ya upya itaisha. Mimi nina watoto wawili na gereji imeshikana na nyumba. Nimuachie? — Mama wawili, Aurora, Colorado

Salama mama, na hapana, usimuachie. Bendeji mpya kweli inatoa harufu na moshi kidogo mara ya kwanza, hapo shemeji hajakudanganya. Ila hiyo ni harufu ya vumbi la kuungua, plastiki ni kitu kingine. Mwambie avue paneli ya kulia aigeuze, akiona plastiki imekuwa kahawia au imejikunja mawimbi basi inaguswa na joto na venti za kule juu ndo zilitakiwa, sio bendeji.

Alafu kuna la kiufundi, msomee kwa sauti. Ekzosi ya tu-stroki sio bomba la kutolea moshi tu. Lile tumbo limepimwa ili wimbi la sauti litoke, ligonge mwisho, lirudi kwenye silinda kwa wakati wake na kusukuma ndani mafuta yaliyotaka kukimbia. Kwenye moshi wa moto zaidi sauti inakimbia haraka zaidi, kwahiyo ukilifunika bomba likapata joto lisilo lake wimbi linarudi mapema na injini inataka mizunguko mingine kuliko klachi zilivyopangwa. Kajisumbua kwa mikono yake. Pia bendeji inanyonya, petroli au oili ikidondokea pale inakaa inasubiri. Na theluji ikiyeyukia humo unyevu unabaki kwenye chuma, kutu.

Afungue aitoe. Anachotaka kipo, ile karatasi ya kung'aa ya kurudisha joto inabandikwa upande wa ndani wa paneli, sio kwenye bomba. Au apeleke ekzosi ipakwe rangi ya kauri kwa watu wa kazi hiyo. Na sledi ikitoka safari ikae nje mpaka ipoe ndo iingie, ukutani gereji muweke mtungi wa kuzimia moto. Akinuna muonyeshe hili gazeti.

Nina sledi ya milimani lakini naishi Minnesota, huku ni njia ngumu tambarare tu. Taa ya joto inawaka kila baada ya kilometa chache. Nimeshaweka venti mbili, haijasaidia. — Msomaji, Minneapolis

Haiwezi kusaidia. Taa hiyo ni ya maji ya injini, na kama nilivyomwambia kijana wa Morogoro maji yanapozwa na theluji inayorushwa na treki. Kwenye barafu ngumu treki hairushi kitu. Funga zile kwaruzo, viwaya viwili vya springi vinavyoburuzwa chini kila upande, vinachimba barafu kuirushia juu. Vikiwa vimefungwa usirudi rivasi bila kuvikunja, aina nyingi zinavunjika. Na kila ukiona theluji laini pembeni ya njia ingia humo kidogo, utaona taa inazima. Vilainishi vya plastiki ambavyo treki inatelezea juu yake navyo vinapozwa na theluji hiyohiyo, vikague, kama umeendesha hivyo msimu mzima nina wasiwasi vimeshayeyuka.

Sledi yangu ni mpya, ina garantii. Nikikata boneti si nimeipoteza? — Naogopa, Spokane

Marekani kuna sheria ya 1975, Magnuson-Moss, kampuni haiwezi kukunyima garantii kwa sababu tu umefunga kitu cha duka jingine, mpaka ionyeshe hicho kitu ndo kilicholeta hitilafu. Ila ukikata tundu theluji ikaingia ikaua kitu, umewapa jibu mkononi. Na plastiki uliyoikata yenyewe usitegemee kulipwa. Tafuta paneli za mtumba za modeli yako, zipo nyingi tu zimetoka kwenye sledi zilizogonga miti, hata zikiwa na rangi tofauti. Kata hizo. Zile zako za kiwandani zifunge kwenye blanketi uziweke juu ya kabati, siku ukiuza sledi mnunuzi ataziulizia.